Winchi Iliyofungwa Ulimi

Enyi majirani, na hasa ninyi mnaonyoosha shingo mkisikia jina lenu likitajwa, sogeeni karibu. Habari hii ni ya nyumba moja tu, lakini ugonjwa ulioiingia unabisha hodi kwenye nyumba nyingi, na mara nyingi tunaufungulia mlango wenyewe, tena tukicheka.

Asubuhi katika karakana ya Fundi Kapi ilikuwa na sauti yake: kik, kik, kik. Fundi alizungusha mpini wa winchi bila haraka, waya wa chuma ukapita kwenye makapi, yale magurudumu madogo ya kupitishia waya, juu ya nguzo nne zilizosimama ukingoni mwa maji, na boti ndogo ikapanda ikichuruzika, imelala juu ya mikanda miwili mipana kama mtoto kwenye mbeleko. Kila gurudumu la meno la winchi lilipozunguka, kipande cha chuma walichokiita ulimi kiliangukia jino moja, kisha jingine. Hicho ndicho kilichopiga ile kik, kik. Na hicho ndicho kilichoishika boti isirudi chini, hata fundi akiachia mpini ili ajikune mgongo.

Boti ikishapanda na kuvutwa juu ya sakafu kavu, mkewe alikuja na brashi na ndoo ya rangi. Gati zima lilimwita Mama Brashi. Kazi yake ilikuwa chini ya boti: kukwangua ukoga, kuziba nyufa, kupaka rangi. Lakini hakuingia chini hata siku moja kabla hajaviburuta vihimili viwili vya mbao nene, akakisimamisha kimoja mbele na kingine nyuma, chini kidogo ya tumbo la boti. Alivipa jina: mawifi.

"Kwa nini mawifi?" mteja mmoja aliwahi kumuuliza.

"Kwa sababu wako hapa kila siku, hawana kazi, na hawaniachi peke yangu na mume wangu."

Mama yake fundi, aliyeketi mlangoni kila asubuhi na kikombe cha chai, alicheka mpaka chai ikamwagika. Hivyo ndivyo walivyoishi: kelele ya winchi, harufu ya rangi, mzaha wa mama mkwe na mkaza mwana. Ilikuwa nyumba ya amani.

Kisha sifa zikaingia.

Wenye boti walikuwa na chama chao, na chama kiliamua kujenga vipandishio vya mkono kwa wanachama wote. Walichoka kuburuta boti mchangani kwa kamba na makelele, wanaume wakiumia migongo na boti zikichubuka matumbo. Walitaka kitu ambacho mtu mmoja, hata mwenye mikono myembamba, angeweza kukitumia bila umeme wala mafuta. Mafundi wawili walikuwa na vielelezo. Mmoja, upande wa pili wa ghuba, alitengeneza reli ya mteremko na kigari cha kuvutia boti juu yake. Wa pili alikuwa Fundi Kapi na nguzo zake nne. Mwenyekiti wa chama, mwanamke mwenye boti mbili na macho yasiyokubali mchezo, alisema wangekuja kuona kila kimoja kikifanya kazi, kisha wachague.

Tangu siku hiyo watu walianza kupita karakanani jioni kutazama. Fundi alipandisha boti kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwapungia. Wakampigia makofi. "Wewe ni kiboko!" wakamwambia. Na kila kofi lililopigwa lilimwongezea kimo machoni pake mwenyewe, mpaka ikafika siku akapita mlango wa nyumba yake kama aliyeinama ili kichwa kisigonge juu, na mlango ulikuwa mrefu vya kutosha.

Mikanda ile, ndugu zangu, ilishonwa na mkewe. Ndiye aliyekaa akafikiri jinsi ya kuugawanya uzito ili boti isibonyee mbavu. Lakini mgeni alipouliza, fundi alijibu, "Mikanda yangu hiyo." Mkewe alisikia. Aliendelea kupaka rangi, ila brashi ikapita mahali pamoja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Siku moja mtu mmoja mwenye maneno mengi akasema, "Kazi safi, fundi, ila mashine yako inapiga kelele kama cherehani ya bibi yangu."

Watu walicheka. Fundi naye alicheka, lakini neno lilimwingia kama mwiba. Walipoondoka alichukua kipande cha waya mwembamba, akauinua ule ulimi wa chuma, akaufunga juu usiguse meno. Kisha akazungusha mpini. Kimya. Boti ilipanda kama inayonyata. Fundi akatabasamu peke yake.

Mkewe alitoka ndani akijifuta mikono. "Mbona winchi haisemi?"

"Nimeifundisha adabu."

"Baba, ule ulimi ndio unaoishika boti."

"Mkono wangu ndio unaoishika." Alimwonyesha kigingi cha mbao alichokichonga, cha kuchomeka kati ya mpini na nguzo ili mpini usirudi nyuma. "Na nikichoka, hiki hapa. Unadhani sijafikiri?"

"Kijiti hiki?"

"Wewe kazi yako kukwangua. Kwangua."

Hakuwahi kumjibu hivyo. Mkewe alimtazama, akarudi ndani, na jioni ile nyumba nayo ikawa kimya kama winchi. Walikula kila mtu akitazama sahani yake. Mama mtu alijaribu mzaha mmoja, ukaanguka mezani, hakuna aliyeuokota.

Ziara ya chama ilipokaribia, Mama Brashi alilipaka tumbo la boti rangi nyekundu mpya. Aliipaka boti ikiwa imeegemea mawifi, maana winchi ile bubu hakuiamini tena. Jioni wingu lilijikusanya. Kwa desturi, kabla ya mvua, kulikuwa na kazi moja ya fundi: kuchomoa kizibo kilichopo chini ya sehemu ya nyuma ya boti, ili maji ya mvua yaingiayo yatoke. Boti isiyochomolewa kizibo hujaa kama beseni. Kila mtu wa gati analijua hilo. Fundi Kapi alilijua kuliko wote. Lakini jioni ile alikuwa kwenye kibanda cha chai, amezungukwa na watu, akieleza jinsi atakavyomshinda mtu wa reli. Mvua ikanyesha, akaagiza kikombe kingine. Mkewe, aliyekuwa ndani, hakuwa na shaka kwamba kizibo kimechomolewa, kwa sababu hakijawahi kusahauliwa.

Asubuhi fundi alivaa kofia yake nyeupe ya kutokea. Kabla wageni hawajafika, alikamata mpini ili aiinue boti itoke kwenye mawifi. Mpini ulikuwa mzito. Jasho lilimtoka, mishipa ya shingo ikasimama. Akajiambia kwamba ni kwa sababu hakunywa chai. Oneni sifa zinavyofanya kazi! Mkono ulimwambia ukweli, masikio hayakutaka kusikia. Aliinua boti mpaka usawa wa kifua, akachomeka kigingi, kisha akawabeba mawifi mmoja mmoja na kuwaficha nyuma ya stoo.

"Unawapeleka wapi?" mkewe aliuliza.

"Wageni wakiviona watasema mashine yangu inahitaji mkongojo. Unanitia aibu na hivi vijiti vyako. Mke haniamini, nani ataniamini?"

Mama yake aliweka kikombe chini. "Mwanangu, mimi nikipanda ngazi nashika ukuta. Umewahi kuona ngazi imenuna?"

"Mama, tafadhali. Leo usiseme."

"Haya. Na mimi nimefungwa ulimi."

Mwenyekiti alifika na wenye boti kadhaa. Walizigonga nguzo, wakaivuta mikanda, wakauliza maswali ya maana: kina cha maji kikipungua itakuwaje, boti ya uzito gani ndiyo mwisho, mtu mfupi ataufikia mpini? Fundi alijibu kila kitu kwa sauti ya mtu anayehutubia uwanja.

"Na kelele?" alimalizia mwenyewe bila kuulizwa. "Mmesikia kelele? Hakuna!"

Mwenyekiti aliinama akatazama chini ya boti. "Wanaopaka rangi huingia hapa?"

"Bila wasiwasi wowote. Mke wangu, hebu ingia uwaonyeshe."

Mama Brashi hakusogea. "Siingii bila mawifi."

Mtu mmoja alicheka. Fundi alimgeukia mkewe. "Ingia, nakwambia. Usiniaibishe mbele za watu."

"Baba, aibu inapita. Siingii."

"Basi naingia mwenyewe!" alifoka. Akainama, akaingia chini ya boti, akachuchumaa katikati kabisa, mikono ameitandaza kama mwenye nyumba. "Mnaona? Nimekaa kama niko sebuleni kwangu."

Akaanza kuielezea mikanda. Nyuma yake alisikia kitu kikiburutwa sakafuni, kisha pumzi za watu wawili wanaosukuma, kisha sauti ya mama yake ikinong'ona, "Sukuma kwako, mwanangu, sukuma." Alijua ni nini. Walikuwa wakirudisha mawifi. Hasira ilimpanda, akageuza kichwa awafokee mbele za watu wote.

Hakuwahi. Kigingi kilisema tak.

Mpini ulizunguka kwa kasi mpaka haukuonekana. Waya ulilia juu ya makapi. Fundi aliona wekundu ukimjia, hakuona kingine, akajikunja. Kisha mshindo, mbao zikaguna, na kila kitu kikasimama.

Alikuwa hai. Alijua yu hai kwa sababu goti lilikuwa linauma. Tumbo la boti lilikuwa limemgusa utosini, kwa upole wa kutisha, kama mkono wa mtu anayempima homa. Mbele yake alisimama wifi mmoja, nyuma yake mwingine, wamebeba mzigo wote bila neno.

"Usiinue kichwa!" mkewe alipiga kelele. "Lala! Lala utambae!"

Alitambaa kwa tumbo kama mtoto, akatoka, akakaa sakafuni. Kofia yake nyeupe ilikuwa na duara jekundu la rangi iliyokuwa haijakauka kwa sababu ya unyevu wa mvua. Mama yake aliishika ile kofia, akaitazama, akaikumbatia kifuani, na machozi yakamtoka pamoja na kicheko, hakuweza kuyatenganisha. Mkewe alimpapasa mabega, mbavu, vidole, akihesabu kimoyomoyo kama kila kitu kipo.

"Ni dada zako hao," alimwambia, akionyesha vile vihimili. "Mawifi zangu ni dada zako. Uliwaficha nyuma ya stoo."

Fundi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuwa na hotuba. Alisema, "Nisamehe, mke wangu." Kisha akasimama, akaenda nyuma ya boti, akakichomoa kizibo. Maji yalitoka. Yakatoka, yakatoka, yakajaa sakafuni, yakalowesha viatu vya mwenyekiti, na bado yakawa yanatoka.

"Sikukichomoa jana," fundi aliwaambia wote. "Nilikuwa nasifiwa. Na huu," akaonyesha waya mwembamba, "niliufunga mwenyewe, ili nisichekwe. Na ile mikanda ni kazi ya mke wangu. Kama hamtaki kazi yangu, mna haki."

Mwenyekiti alitikisa maji kwenye viatu. Akasema, "Fungua huo waya."

Fundi aliufungua. Waliuzungusha mpini pamoja, yeye na mkewe. Kik, kik, kik. Boti nyepesi ikainuka kutoka kwenye mawifi, fundi akaachia mpini, na boti ikatulia pale pale.

"Hii ndiyo ninayoitaka," mwenyekiti alisema. "Yenye kelele. Penye kina cha maji tutajenga nguzo zako. Kule kwenye mchanga wa mteremko tutajenga reli za mwenzako. Lakini kila kipandishio kije na hao mawifi wawili. Na mikanda ataishona na kuikagua Mama Brashi. Asipokubali yeye, sipokei."

"Nitakubali," Mama Brashi alisema, "ila wifi mkubwa amepata ufa. Abadilishwe kwanza."

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka, kile kicheko cha watu waliokaribia kulia. Fundi alicheka kuliko wote, huku akijishika utosi.

Siku hizi kwenye karakana ile kuna ndoano moja tu karibu na winchi. Boti ikishapanda, kizibo huchomolewa na kutundikwa pale. Ndoano ikiwa tupu, hakuna anayeondoka, hata akiitwa na mfalme. Juu yake imetundikwa kofia nyeupe yenye duara jekundu. Wateja wakiuliza, fundi huwasimulia mwenyewe, hafichi kitu. Na mama yake, akiisikia kik, kik ya asubuhi, huinua kikombe na kusema, "Haya, nyumba imerudi kusema. Chai sasa inashuka."

FUNZO

Ndugu zangu, kutaka sifa ni ulevi, na mlevi wake hayumbi wala hanuki, kwa hiyo hatumshtukii. Lakini nyumba yake inaumia kabla yake. Kwanza anajitwalia kazi ya mwenzake, kisha anamnyamazisha, mwisho anatupa kile kinachomlinda kwa sababu kinampunguzia makofi. Vijana wenzangu, makofi hayana mikono ya kushika boti inapoanguka! Anayekuambia "angalia" ndani ya nyumba yako hakudharau. Anakupenda kuliko umati wote. Fundi Kapi alipona kwa sababu wanawake wawili walikubali kufokewa mradi yeye abaki hai. Msingoje bahati kama yake.

Winchi iache iseme, ulimi usiufunge,
Wa nyumbani akupime, neno lake usipinge,
Sifa zisikusukume, na hatari ujitenge,
Vihimili visimame, ndipo chini ujipange.