Faili Safi Halipigiwi Simu

Duka la uchapaji siku ya Ijumaa si mahali pa mtu mwenye haya. Watu walikuwa wamejazana mbele ya kaunta hadi mlango haufungiki, wenye mabango, wenye kadi, wenye kalenda, na kila mmoja anaapa kwamba kazi yake ndiyo ya haraka. Mashine zilikuwa zinanguruma kule nyuma. Harufu ya wino na karatasi ya moto ilikuwa imetanda kila kona, na feni ya darini ilikuwa inazunguka kwa kujionyesha tu, upepo haina.

Mchoraji wetu alikuwa katikati ya msukumano huo, amekumbatia mkoba. Alikuwa amevaa gauni la bluu lenye vitone vyeupe, gauni la kutokea, kwa sababu wiki nzima hakuwa ametoka. Kazi yake ni kuchora nembo, mabango na kadi kwenye kompyuta, chumbani kwake, peke yake. Ilikuwa kawaida yake kumaliza siku tatu hajafungua mdomo ila kwa kupiga miayo. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mume hana, mpenzi hana, wazazi wametangulia. Aliyebaki ni shangazi yake, mwenye mdomo wake, anayepiga simu kila Jumapili.

"Dada wa vitone!" sauti ikaita kutoka ndani. "Mwenye bango la shule ya chekechea! Njoo uone maajabu."

Aliyeita alikuwa mwanaume mrefu, kalamu sikioni, miwani imefungwa uzi mguu mmoja, aproni yake imelowa wino wa kila rangi. Wenzake walimwita Pambizo, maana hapokei kazi ya mteja kabla ya kuulizia ule ukingo mweupe wa karatasi, "Pambizo umeacha?" Akamgeuzia mchoraji kioo cha kompyuta. Bango lilikuwepo, mawingu yapo, herufi zipo, lakini pale penye picha ya watoto palikuwa na mraba mtupu.

"Watoto wako wapi?" akauliza.

"Si hapo! Kwenye kompyuta yangu wapo, tena wanacheka!"

"Kwenye yako, sawa. Umeleta faili la mchoro, lakini picha hukuibeba ndani yake. Umelielekeza tu faili mahali picha ilipo. Kwako linakwenda na kuikuta. Huku kwetu, tukitaka kulitoa likachapwe, linatafuta, linakosa, linatuachia shimo. Watoto wamebaki nyumbani, dada."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mchoraji akasikia masikio yanawaka moto.

"Miaka sita nafanya kazi hii," akasema, "sijawahi kuumbuliwa mbele za watu."

"Una bahati. Mimi naumbuliwa hapa kila siku, na kesho yake nakuja tena."

Mchoraji akacheka. Akajishangaa mwenyewe, maana kicheko kile kilitoka kwa sauti kubwa hadi bibi mmoja akageuka kumtazama. Pambizo naye akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena ikiwa chafu zaidi.

"Siku nyingine usijisumbue kuja," akamwambia. "Tuma kwa mtandao. Likiwa na kasoro, nitakupigia."

Na kweli akapiga. Wiki iliyofuata alipiga kwa sababu kivuli cha nembo, kilipotolewa, kilizungukwa na kiboksi cheupe. Mara ya pili alipiga kwa sababu herufi zilikuwa hazijageuzwa kuwa mchoro, na kompyuta ya dukani, isiyo na zile herufi za mapambo, ikaweka zake.

"Kadi yako ya harusi sasa inasomeka kama hati ya kuitwa mahakamani," Pambizo akamwambia.

"Ndoa nayo si kesi?"

"Ee! Nani amekuumiza wewe?"

"Hakuna. Hata wa kuniumiza sina."

Kisha Pambizo akamfundisha, polepole, wapi abonyeze na wapi asibonyeze, na maelezo ya dakika mbili yakachukua arobaini. Aliposema "haya, mchoraji wangu, kazi njema," mchoraji alibaki ameshika simu mkononi, anaitazama. Wangu! Labda huwaambia wateja wote. Akaona afadhali asijue.

Hizo mbili zilikuwa kasoro za kweli. Ya tatu, hapana, na mimi sitamfichia. Ya tatu alikuwa ameshajua kila kitu, anaweza kulitoa faili macho yamefumbwa. Ila alifika mahali pa kuibeba picha, kidole kikasita, akaiacha nje. Akatuma. Akakaa. Baada ya nusu saa simu ikalia, na moyo wake ukaruka kama wa msichana wa sekondari.

"Mchoraji wangu, umesahau tena?"

"Nimesahau, jamani! Kichwa changu hiki."

"Kichwa chako nitakifungia uzi kama miwani yangu."

Basi ikawa ndiyo tabia. Leo picha imeachwa, kesho herufi, keshokutwa kivuli. Wakawa wanaongea kila siku. Mchoraji akajua kwamba Pambizo anaishi na baba yake mwenye mtoto wa jicho, kwamba hawezi kupika wali usishike chini, kwamba aliwahi kuchumbia akaachwa wiki mbili kabla ya ndoa. Naye Pambizo akajua kwamba jirani wa juu wa mchoraji ana mashine ya kufulia inayotembea sakafuni. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema "tuonane". Simu ilikuwa ya kazi, na kazi ikiisha, simu ilikatwa.

Jumapili moja shangazi akamshika pabaya.

"We mtoto, sauti yako imebadilika. Ni nani?"

"Hakuna mtu, shangazi. Ni fundi wa dukani tu, ananipigia mambo ya kazi."

"Mambo ya kazi! Amewahi kukupigia faili likiwa zima?"

Mchoraji akaanza kuchuna kucha.

"Basi huyo hakupigii wewe, mwanangu, anapigia kasoro. Usijidanganye. Peleka kazi safi wiki nzima, halafu utaniambia."

Maneno ya shangazi yalimchoma, na kwa sababu yalimchoma, akayafuata. Akapeleka mafaili safi, ya kupigiwa mfano. Jumatatu, kimya. Jumanne, kimya. Alikuwa anafanya kazi simu imelala kando ya kibodi, kioo juu. Siku ya tano akashuka hadi kwenye kiduka cha mwenye nyumba wake kununua kiberiti asichokihitaji, ili tu aambiwe "karibu tena". Siku kumi na mbili hazikumletea hata mlio mmoja. Kumbe ndivyo ilivyo, akajiambia. Nilikuwa naongea na kasoro.

Siku ya kumi na mbili hiyo, Ijumaa, alikuwa anamalizia kadi ya kumbukumbu. Marehemu alikuwa dereva mstaafu wa gari la wagonjwa, na mjane wake alikuwa ameleta picha moja tu ambayo mzee anacheka. Mchoraji alikuwa amekaa saa mbili nzima anaifuta mikwaruzo. Ibada ilikuwa Jumamosi asubuhi. Alipofika mahali pa kuibeba picha ndani, kidole kikasita.

Alijua si sawa. Tusimtetee. Lakini alijua pia kwamba Pambizo hukagua kila faili, kwamba kasoro ya namna hii hataiacha ipite, kwamba baada ya nusu saa atapiga. Mara moja tu, akajiambia. Nisikie sauti tu. Akatuma.

Nusu saa ikapita, saa moja, jioni ikaingia. Simu haikulia. Akapiga dukani, akaambiwa kadi zimeshachapwa na kuchukuliwa. Akashusha pumzi. Akadhani Pambizo ameamua kuitia picha mwenyewe bila kumpigia, kwa kumkwepa, maana nakala ya picha hiyo mchoraji alikuwa ameshaituma dukani kwa barua pepe, akiulizia bei. Akalia kidogo, akalala.

Jumamosi saa tatu asubuhi simu ikalia. Alikuwa Bosi, mama mwenye duka.

"Njoo hapa. Sasa hivi."

Alimkuta Pambizo amesimama mbele ya meza ya Bosi, mikono nyuma. Mezani kulikuwa na kadi moja. Jina la marehemu lilikuwepo, tarehe zipo, maua yapo pembeni, na katikati fremu nzuri ya duara haina mtu.

"Kadi mia mbili," Bosi akasema. "Mjane amefungua boksi kanisani, mbele ya watu."

Mwenzake Pambizo wa zamu ya mchana, dada mmoja mtulivu, alikuwa ananyonga kitambaa mkononi. "Mimi nilidhani picha itabandikwa kwa mkono," akasema. "Pambizo alikuwa amempeleka baba yake kliniki ya macho."

"Kosa ni langu," Pambizo akasema. "Kukagua ni kazi yangu. Ningerudi kabla ya kufunga."

Hapo mchoraji angeweza kunyamaza. Picha kuachwa nje ni jambo la kawaida, hakuna ambaye angemshika. Akapiga moyo konde.

"Si lake. Niliiacha makusudi."

Bosi akavuta shingo. "Makusudi? Kwa nini, mwanamke mwenzangu?"

"Ili anipigie."

Yule dada wa zamu akageuka haraka, akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. Bosi alimtazama mchoraji, akamtazama Pambizo. Hukumu yake ilikuwa fupi: kadi zichapwe upya sasa hivi, wapeleke wao wenyewe wawili, na kuanzia Jumatatu Pambizo haonani na faili la mteja yeyote, atakaa nyuma kwenye mashine ya kukatia karatasi.

Kwenye teksi, boksi likiwa katikati yao, mchoraji alisema, "Nisamehe."

"Nilijua," Pambizo akasema, macho dirishani.

"Ulijua nini?"

"Kwamba unaacha makusudi. Tangu ile simu ya tatu. Mtu anayepanga herufi vizuri vile hasahau picha mara kumi. Nilikuwa nafika asubuhi nafungua lako kwanza, naomba liwe bovu. Wiki iliyopita yakaanza kuja safi. Safi, safi, safi. Nikasema basi, amenichoka. Ana mtu mwingine."

"Nilikuwa nasubiri unipigie hivyo hivyo!"

"Ningekwambia nini? Sikuwa na sababu." Akageuka kutoka dirishani. "Lakini hii ya leo, hapana. Ungeniacha mimi, ungenitukana, ningevumilia. Huyu mama amekosa nini?"

Mchoraji akalivuta boksi mapajani, akalikumbatia hadi walipofika.

Mjane aliwafungulia mwenyewe. Bado alikuwa na nguo za ibada, viatu amevua. Viti vya plastiki vilikuwa vimeshabebanishwa ukutani. Mchoraji alimweleza kila kitu, hakupunguza, na mama alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akafungua boksi, akatoa kadi moja, akaitazama.

"Ndiye," akasema. "Hapa alikuwa ananicheka mimi. Nilikuwa nimekalia kofia yake." Akaipapasa kwa kidole gumba. "Sasa hizi mia na tisini na tisa nimpe nani? Watu wameshaondoka."

Hakuwafukuza, wala hakuwakaribisha kukaa. Alichukua boksi, akashukuru kama mtu aliyefunzwa adabu, akafunga mlango taratibu. Wale wawili wakashuka ngazi, na barabarani kila mmoja akashika njia yake.

Wiki tatu zilipita. Mchoraji alikuwa anatuma mafaili safi, na yanapokelewa na yule dada wa zamu, anayejibu kwa neno moja: limefika. Alifanya kazi, alipika, alikula amesimama. Shangazi alipopiga Jumapili na kuuliza kulikoni, alimwambia, "Nilimpenda, shangazi, na nimeharibu," na shangazi, kwa mara ya kwanza maishani, alikosa mzaha. Alitaka kumpigia Pambizo kila siku. Lakini mdomo wake ulikuwa umezoea kuanza na kasoro, na sasa kasoro ya kumwambia ilikuwa moja tu, nayo Pambizo alishaijua.

Jumatano, saa tisa alasiri, alikuwa anafagia vipande vya karatasi chini ya meza simu ilipolia. Akaona jina. Akapiga magoti pale pale, ufagio mkononi, akapokea kwa pupa.

"Faili lina nini?"

"Sijui," Pambizo akasema. Nyuma yake kisu cha mashine kilikuwa kinashuka na kupanda. "Mafaili sioni siku hizi. Niko nyuma, nakata karatasi."

"Basi mama yule amelalamika tena?"

"Hapana."

"Baba mgonjwa?"

"Mzima. Anaona hadi nzi."

"Sasa kuna nini?"

"Hakuna kitu." Mashine ikazimwa kule, na pumzi zake zikasikika karibu. "Nimezunguka hii simu tangu asubuhi, natafuta sababu, sijaiona. Nikasema nipige hivyo hivyo. Umeshindaje?"

Mchoraji alifungua mdomo aseme "salama", kama watu wote. Akashindwa.

"Vibaya," akasema. "Nashinda peke yangu. Jana hivyo, juzi hivyo. Nimekukosa sana, na nina aibu bado."

"Mimi pia nina aibu."

"Basi tutafanyaje?"

"Natoka saa kumi na moja," Pambizo akasema. "Sijui tutaongea nini, maana hatujawahi kuongea bila kompyuta katikati. Lakini natoka saa kumi na moja."

Mchoraji alitazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimebaki saa mbili kasoro dakika chache.

"Nakuja," akasema. "Usikate kwanza."

Hakukata.