Sekunde Kabla ya Kibao

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, Jumanne, faili la sauti namba arobaini na moja lilikataa kulingana na picha. Midomo ya mwigizaji ilitangulia, maneno yakafuata nyuma.

"Bosi, hapa hakuna mlio wa kibao," alisema mhariri, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ambaye wenzake walimwita Mkasi.

Bosi ndiye aliyekuwa mwongozaji wa filamu yao ya kumalizia chuo. Alikuwa nyuma yake, anamenya chungwa.

"Siku ile nilisahau kukigonga. Sikiliza faili tangu mwanzo, utapata pa kushika."

"Lote?"

"Kwani mengine ulikuwa unayafanyaje?"

Mkasi alivuta hedifoni karibu. Kamera hunasa picha, mashine nyingine hunasa sauti, na mlio wa kibao kinachogongwa mbele ya kamera ndio unaoziunganisha. Mwalimu aliagiza kila faili lisikilizwe tangu sekunde ya kwanza. Mkasi aliiachia kompyuta iutafute mlio yenyewe, kisha akakata chochote kilichoutangulia. Alifanya hivyo kwa mafaili arobaini.

Alivaa hedifoni, akabonyeza.

"Faili la arobaini na moja," ilisema sauti ya Masikio, mnasa sauti wao. Kisha ikashuka. "Mkasi, hili la mwisho, sikusumbui tena. Nilikwambia ukinitaka useme, usiponitaka unyamaze. Wiki tano umenyamaza. Nimeelewa. Ile kazi ya safari nimeikubali. Kila la heri."

Aliirudisha nyuma, akasikiliza tena. Maneno yalikuwa yale yale.

"Umepata?" Bosi aliuliza.

"Masikio anasafiri lini?"

"Kesho alfajiri. Miezi minane, na timu ya filamu za wanyama. Utajuaje, wakati nyie hata kusalimiana mnasalimiana kama mmelazimishwa."

Ilikuwa kweli. Mwanzoni Masikio alimletea mafaili mkononi kila jioni, akakaa kwenye kiti cha pili hadi jengo lifungwe. Wiki tano zilizopita alianza kuyaacha mezani na kuondoka. Mkasi akimsalimia, jibu lilikuwa "poa" na mgongo. Mkasi hakumruhusu mtu kukihamisha kiti cha pili.

Alifungua faili la kwanza.

"Moja, mbili. Mkasi, najua uko peke yako huko, kwa hiyo nakusalimia. Umeshakula?"

La tisa.

"Bosi anagombana na taa. Taa inashinda. Jana ulipita na ile blauzi ya kijani, nikasahau kuwasha mashine. Nimesingizia betri."

La ishirini na tatu.

"Nakupenda, basi. Nimesema. Ukinitaka, niambie. Usiponitaka, nyamaza tu, tusije tukaharibu kazi ya watu. Wanakuja, naacha."

Bosi aliacha kumenya.

"Unalia?"

"Silii."

"Basi hayo macho yanavuja. Kuna nini?"

"Ulijua kuhusu haya?"

"Chuo kizima kinajua. Mpaka mlinzi wa getini. Tulijua umemkataa. Mimi nikasema, huyu dada ana roho ya chuma."

Mkasi alipiga simu mara tatu. Haikupokelewa. Akaandika: "Naomba upokee."

Jibu lilikuja baada ya dakika nne: "Niko stoo narudisha vifaa. Kuna faili limeharibika?"

"Hakuna. Nakuja."

Stoo ilikuwa ghorofa ya chini. Masikio alikuwa anazungusha waya mkononi, orodha ya vifaa ikiwa mbele yake. Hakuinua kichwa.

"Sema, dada mhariri."

"Sikuwahi kuyasikia."

"Yapi?"

"Uliyoniambia. Hata moja. Nimeyasikia leo."

"Mafaili arobaini, Mkasi. Usinifanye mtoto."

"Nilikuwa naanzia kwenye kibao. Ya kabla yake nilikata."

"Mwalimu alisema..."

"Najua alichosema. Niliona naokoa muda."

Masikio aliweka waya chini, akakaa juu ya sanduku la taa.

"Kwa hiyo mwezi mzima mimi nakununia..."

"Na mimi nasema huyu kaka nimemkosea nini? Nikatafuta kosa mpaka nikachoka. Unajua ile dakika ya tisa ya filamu, pale pumzi yako inasikika nyuma ya mwigizaji?"

"Lile ni kosa langu. Nilisogea mno."

"Bosi ameniambia mara tatu niitoe. Sijaitoa."

"Kwa nini?"

"Ndiyo niliyobaki nayo."

Masikio aliitazama orodha. Halafu akasema, "Mkataba nimeshasaini. Kesho naondoka kweli."

"Sikuja kukuzuia. Nimekuja kujibu. Nakutaka. Nilikutaka tangu ulipokuwa unakaa kwenye kile kiti."

"Rudia."

"Kwani mashine hukuwasha?"

Masikio alicheka, cheko fupi lililomtoka puani. Kisha akatoa simu, akampigia mama yake, akaweka spika.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Begi umefunga?"

"Bado. Jioni nakuja na mgeni. Mkasi."

Sauti ya mama ilipanda.

"Yule aliyekukataa?"

"Hakunikataa, mama. Hakusikia."

"Hakusikia! Siku zote hizo unarudi hapa huli, hulali, kumbe mwenzio hana habari? Kwani masikio yake yana nini?"

Mkasi aliinama karibu na simu.

"Shikamoo, mama. Ni mazima. Ni uvivu wangu wa kazi."

"Marahaba. Haya, angalau unasema ukweli. Njooni mapema, huyu anaondoka alfajiri na mimi nataka kukuona vizuri."

Simu ilikatwa. Masikio aliendelea kuishika.

"Miezi minane ni mingi," alisema.

"Ni mingi," Mkasi alisema. "Leta hiyo orodha, nikusomee. Tutachelewa."

Saa kumi na moja na robo jioni, mama yake Masikio alifungua mlango. Alimtazama Mkasi kuanzia viatu hadi nywele, akampokea mkoba.

"Wewe kafunge begi," alimwambia mwanawe. "Huyu nina mazungumzo naye."

Akamshika Mkasi mkono, akamwingiza ndani.