Usingizi wa Mshonaji

Godoro lilikuwa jipya, nailoni haijatolewa, na tayari lilikuwa na bonde la mtu aliyelala. Bi Mrithi, kama wafanyakazi walivyomwita chinichini kwa kumcheka, aliweka kiganja pale. Palikuwa na joto. Ghala zima lilinuka nywele zilizoungua, na ilikuwa saa sita mchana, jua linawaka kama halina habari.

Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu amzike baba yake na kukabidhiwa kiwanda cha magodoro. Siku ya mazishi, mshonaji mmoja waliyemwita Kicheko, mtu wa mizaha, alijinyoosha juu ya marobota ya sponji asiamke tena. Anapumua tu. Madaktari walimpima wakachoka, akabaki palepale ghalani.

"Bosi, mimi sitaki pole," mkewe alisema. "Namtaka mume wangu."

"Nitafanya lolote, mama. Nakuapia."

Na alimaanisha. Siku hiyohiyo akatuma mtu amtafute mganga.

Mganga aliingizwa kwa mlango wa nyuma. Akanusa hewa, akaketi sakafuni.

"Jini huyu ni wa marehemu baba yako," akanong'ona. "Alimpa utajiri, akalipwa usingizi wa watu. Wewe umerithi vyote viwili. Tamka mara tatu, kwa ulimi na kwa moyo, kwamba mali yote ni ya waliotoka jasho. Atatoka."

"Yote?"

"Yote."

"Hata nyumba niliyojenga mwenyewe?"

"Kwa hela za nani? Kutoa ni moyo, mwanangu, si utajiri."

Bi Mrithi akapiga magoti kando ya Kicheko, akatamka. Kidole cha mshonaji kikatikisika. Mkewe akajiziba mdomo. Akatamka tena, na Kicheko akafumbua macho, akamtazama mkewe, akajaribu kutabasamu.

Hapo cherehani zote ghalani zikaanza kushona zenyewe bila umeme wala uzi, ile harufu ikamjaa Bi Mrithi kifuani, na katikati ya kelele hizo akaiona nyumba yake, akaona shule ya wanawe na jina la baba yake juu ya geti, akaona mikono yake laini ambayo haijawahi kushika sindano, akajiambia si vyote, Mungu wangu, walau nyumba, walau nusu, nani anaweza kujivua nguo zote barabarani, na alipofungua kinywa kutamka mara ya tatu, hakikutoka kitu.

"Sema, mdogo wangu," mke wa Kicheko alimbembeleza, akimshika mkono. "Bado moja tu."

Alilia. Alitaka kusema. Hakusema.

Kicheko alimsubiri, akimtazama bila hasira, mpaka kope zikamshuka. Cherehani zikanyamaza. Kisha midomo ya Kicheko ikafunguka, ikatoka sauti nzito isiyo yake, tena ya upole:

"Usijilaumu, binti. Baba yako naye aliishia mara ya pili."