Mshumaa wa Mke wa Ota

"Sentensi tatu," nikawaambia wanafunzi wangu. "Mbili za kweli, moja ya uongo. Wenzako watafute uongo uko wapi. Bi Květa, anza wewe."

Darasa langu la Kiingereza ni la watu wazima, kila Jumanne saa kumi na moja jioni, chumba cha juu cha maktaba ya mji. Siku ile nilikuwa nimewagawia karatasi ya maneno ya uongo na udanganyifu. Kiingereza kushoto, Kicheki kulia. Lie, lhát. Cheat, podvádět. Nilikuwa nimeyaandaa Jumapili jioni jikoni na mume wangu, Otakar. Nilipokwama kwenye half-truth, ule ukweli nusu, yeye, akimenya viazi, akanijibu bila hata kugeuka, "Polopravda." Nikamsifu. Mimi huyu huyu, nikamsifu!

Květa, mwenye duka la maua karibu na stesheni, akakohoa kidogo, akasoma.

"Moja: nina duka la maua. Mbili: naogopa bata. Tatu: Jumapili nilimwashia mshumaa mwanamke ambaye sijawahi kumwona."

"Ya tatu ni uongo!" akadakia mzee Hynek, dereva wa treni mstaafu. "Nani anamwashia mshumaa mtu asiyemjua?"

"Umekosea, mzee. Uongo ni bata. Bata nawapenda, hasa wakiwa na kabichi."

Darasa zima likacheka. Hynek hakukubali kushindwa.

"Haya, mwanamke mwenyewe ni nani?"

"Marehemu mke wa mpenzi wangu. Kazikwa mbali, kwao Slovakia. Basi Jumapili, siku ya kuwakumbuka marehemu, nikamwashia pale kwenye msalaba mkubwa wa makaburini, kama tunavyowawashia waliozikwa mbali."

"Na mpenzi mwenyewe hakwenda?"

"Alisema hawezi, atalia."

"Mwanamume wa hivyo mshike kwa mikono miwili!" akasema Hynek, na mimi mwenyewe nikatikisa kichwa kukubali.

Baada ya kipindi Květa akabaki nyuma. Akanitolea mfuko wa karatasi.

"Zawadi yako, mwalimu. Uyoga mkavu. Ameuokota yeye mwenyewe, kila Jumamosi ananiletea."

Nikauvuta. Ulikuwa umetungwa kwenye uzi wa kijani wa kuvulia samaki, na mwisho wa uzi umefungwa kifungo ili uyoga usichomoke. Kifungo cha bluu chenye nanga. Koti langu nililoolewa nalo lilikuwa na vifungo sita kama hicho. Lilipochakaa nikavikata nikaviweka kwenye kopo la biskuti, na Otakar akawa anavitumia kufungia uyoga wake.

"Mwalimu, vipi? Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Anaitwa nani mpenzi wako?"

"Ota."

"Na mkewe alikufa lini?"

"Miaka mitatu sasa. Simuulizi sana. Nikimuuliza anafunika uso, namwonea huruma."

Nilitaka kumchukia, Mungu anajua. Lakini utamchukiaje mtu aliyekuwashia mshumaa?

Nikapitia makaburini. Jumapili ile ile nilikuwa hapo na Otakar, kwenye kaburi la mama yake. Tulipokaribia msalaba akanishika mkono akasema, "Tupite huku, goti linaniuma." Nikamshikilia mpaka getini, nikimpa pole njia nzima. Sasa nikainama katikati ya mishumaa ya watu. Taa ya kioo chekundu, yenye lebo ya duka la Květa, ilikuwa bado inawaka. Chini yake kulikuwa na kadi.

"Kwa mke wa Ota. Pumzika, dada. Nitamtunza."

Nililia pale mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa hivi karibuni. Nikamwambia ndiyo. Alipoondoka nikaizima taa, nikaibeba pamoja na kadi.

Siku tatu sikusema neno. Nilipika, tukala, akaniambia supu imekolea chumvi. Ijumaa nikaenda dukani kwa Květa na picha yetu ya harusi mkononi. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaishika picha muda mrefu, halafu akasema, "Ndivyo vifungo vile," akaanza kulia. Tukalia wote wawili, na wateja wakageuza njia.

Jumamosi asubuhi Otakar akavaa mabuti yake, akachukua kikapu.

"Leo nakuja na wewe," nikamwambia.

"Blanka, unajua vizuri. Mahali pa uyoga haonyeshwi mtu. Baba hakumwonyesha mama mpaka anaingia kaburini."

Alisema kweli. Huku kwetu hata mke haulizi. Miaka kumi na tisa niliiheshimu siri hiyo, tena nilijisifu kwa majirani kwamba mume wangu ana msitu wake. Kumbe siri hiyo ndiyo aliyojifichia.

Nikaweka taa nyekundu mezani, inawaka. Pembeni nikaweka uzi wa uyoga na kadi.

"Nini hiki?"

"Soma."

Akasoma. Akaketi na mabuti yake ya msituni, ndani ya nyumba yangu, na kwa mara ya kwanza sikumwambia avue.

"Blanka..."

"Nilikufa kwa ugonjwa gani, Ota?"

"Usiseme hivyo, tafadhali."

"Nataka kujua. Ni mimi niliyekufa, nina haki."

Akasema kwa sauti ndogo, "Moyo."

"Niliteseka?"

"Hapana. Ghafla tu." Machozi yakamtoka. "Sikutaka uteseke."

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yangu. Alikuwa amenionea huruma katika kifo alichonitungia, na mimi niliye hai hakunionea.

"Lilinitoka neno moja tu," akasema. "Aliniuliza kama nina mke, nikasema nilikuwa naye. Yaliyobaki yakafuata yenyewe. Lakini nakupenda, Blanka. Hilo ni kweli."

"Najua. Ukweli nusu, lile neno ulilonisaidia ukimenya viazi."

Simu yake ikalia. Ilikuwa mezani kati yetu, na sote tukausoma ujumbe.

"Ota, mkeo alikuja dukani jana. Ni mwalimu wangu. Yuko hai. Usije tena kwangu."

Akainua macho. "Niende wapi sasa?"

"Kwa dada yako. Au msituni. Mahali pako si unapajua wewe tu?"

Akatoka na kikapu kitupu. Nilimwona kwenye dirisha akisimama njiapanda, hajui ageuke wapi, na nusura nimwite. Nusura tu.

Jumanne nikaingia darasani na karatasi mpya, maneno ya hali ya hewa. Květa alikuja. Akakaa nyuma kabisa, macho yamevimba kama yangu.

"Bi Květa!" mzee Hynek akageuka na kiti chake. "Yule mpenzi wako hajambo?"

Darasa likamsubiri.

"Amekufa," akasema Květa.

"Masikini! Kwa ugonjwa gani?"

"Moyo. Ghafla tu."

"Pole sana, mama. Mwakani tutamwashia mshumaa wote pamoja pale msalabani. Au siyo, mwalimu?"

Květa akanitazama. Nami nikamtazama. Sikumsahihisha. Nikageukia ubao nikaandika tarehe, na nikachukua muda mrefu kuimaliza.