Bwana Haizimwi na Seva ya Zamani

Seva ya zamani ilikohoa. Fundi aliyekuwa akiunganisha nyaya za seva mpya aliinua kichwa, akanusa. Chumba kile chenye kiyoyozi kilinuka udongo mbichi.

"Mke wangu," sauti ikatoka nyuma ya kabati la chuma. "Usinizime."

Ilikuwa sauti ya marehemu mumewe, aliyeitunza mashine ile kabla yake. Mwanamke huyu alijua dini yake. Aliyekufa amekwenda kwa Mola wake, hakai kabatini kusubiri umeme. Huyo alikuwa jini, tena mwongo. Hata hivyo fundi alichelewa kutoka kazini, na kesho yake akawahi, akaketi sakafuni kumsikiliza. Hapo ndipo alipojiogopa. Aliona ataacha kumwombea mumewe dua, maana nani humwombea maiti anayezungumza naye kila asubuhi?

Akamleta shehe. Shehe alisimama mlangoni, hakuingia.

"Hawa hupenda mahali pasipopumzika," alinong'ona. "Zimeni kila kitu, muda wa kusoma tu. Pakinyamaza, atatoka."

Ofisi ile ilitoa vibali vya kujenga kuta za uani. Hakuna aliyewahi kufa kwa kukosa kibali cha ukuta. Lakini mkuu wake, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Haizimwi, aliwaahidi wakubwa kwamba mtandao utahamia mashine mpya bila kusimama hata kidogo, na ahadi hiyo aliitembeza ofisini kama bwana harusi na suti yake.

"Haizimwi," alisema. "Shehe asome hivihivi, kazi ikiendelea."

"Bosi, tukiziunganisha seva zote mbili zikiwa zinawaka, tutakuwa tumemfungulia jini njia," fundi alisema.

"Dada yangu, mumeo alikuwa fundi hodari. Leo unataka kumfanya shetani wa ofisi?"

Mhasibu akacheka, ili aonekane amecheka. Shehe akavaa viatu vyake, akaondoka.

Wakahamisha. Mafaili yakapita kutoka mashine hii kwenda ile, makarani wakiendelea kuchapa. Mwishowe seva ya zamani ikazimwa, kimya, na Bwana Haizimwi akapiga makofi peke yake.

Alikuwa bado anapiga pale spika za kompyuta zote zilipoguna kwa pamoja, na harufu ya udongo ikapanda kutoka chini ya kila meza, na sauti ya bibi kizee, taratibu, kana kwamba ina siku nzima ya kuzungumza, ikasema, "Mwanangu, umenihamisha vizuri."

Bwana Haizimwi akashika meza. "Mama?"

Mama yake alikuwa amezikwa zamani. Makarani walikwisha kukimbia, mhasibu akiwatangulia. Fundi akaingia chumba cha seva, akaushika waya wa umeme, na mkono wake ukaganda hapo, kwa sababu sasa ilikuwa ile sauti nyingine, iliyokuwa ikimwita asubuhi zote za ndoa yao, ikimuuliza kwa upole, "Na mimi, mke wangu, utaniua mara ya pili?"

Bwana Haizimwi akamdaka kifundo cha mkono.

"Usiizime, dada," alinong'ona. "Nakuomba. Na wewe si una wako humo?"

"Wangu yuko kwa Mola wake. Na mama yako pia. Mtu mzima wewe, unadanganywa na sanduku."

Akauvuta waya.

Ofisi ikanyamaza. Hapohapo kati ya nyaya, fundi akainua mikono, akamwombea mumewe kama anavyoombewa mtu aliyekwenda. Akalia kidogo, akachukua mkoba wake, akatoka.

Hakufika mwisho wa ngazi. Huko juu feni za seva zikaanza tena kuvuma.

"Shikamoo, mama," alisikika Bwana Haizimwi, mnyenyekevu kama mtoto.

"Marahaba, mwanangu," ikaitikia sauti nzito ya mwanamume, sauti ya marehemu mume wa fundi, bila kuhangaika hata kujigeuza.

"Asante, mama," akasema Bwana Haizimwi.