Waya wa Kijani

Fundi alipiga hodi mara tatu, na sauti ya mwanamke ikamjibu kutoka ndani: "Sukuma tu, kaka. Mimi siwezi kuja mlangoni."

Akasukuma. Alikuwa hoi tangu asubuhi, wala si kwa kazi. Nyumbani ana kitoto cha miezi minne, kazi yake kulia usiku kucha na mchana kulala kama bosi. Mtaani walimwita Plaizi, maana hakuna tatizo ambalo hakulimaliza kwa kukata kitu.

Mteja wake, mshonaji wa nguo, alikaa kando ya kabati la redio. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Mkono wake wa kushoto ulilala juu ya amplifaya, kikuza sauti cha redio, umefungwa kwa kitambaa usiteleze, na macho yalikuwa yamemwingia ndani.

"Pole, dada. Si ulisema inavuma? Mbona imenyamaza?"

"Imenyamaza kwa sababu nimeishika."

Fundi akacheka. Hilo alilijua. Amplifaya ikikosa waya wa ardhi, ule wa kijani unaopeleka umeme uliopotea chini kwenye udongo, huvuma. Ukiigusa hunyamaza, kwa kuwa mwili wako ndio unaogeuka njia. "Hiyo kawaida. Chomoa kwanza."

"Nimechomoa siku ya sita leo. Tazama."

Plagi ilikuwa sakafuni, imejaa vumbi. Kicheko kikamkauka.

"Sikiliza mwenyewe," mshonaji akanong'ona, akifungua kitambaa. "Ila ukishasikia, niambie haraka nirudishe mkono."

Akainua kiganja. Mvumo ukaanza, mzito, wa chini, na pamoja nao ikaja harufu ya udongo uliolowa, humo ndani kwenye sakafu ya saruji, saa saba mchana jua likichoma bati. Kisha chumba cha pili mtu akaitikia, midomo imefungwa, kwa sauti ile ile. Kitanda kikalia.

"Nani huyo?"

"Baba."

Mzee wake, mwalimu mstaafu, alikuwa amepooza miguu tangu mwaka jana. Fundi mwenyewe alisaidia kumbeba siku aliyotoka hospitali. Sasa akasikia nyayo, moja, halafu nyingine, zinakokotwa sakafuni bila haraka, zinakaribia pazia la mlango, na pazia likaanza kutuna katikati kama kuna uso unaolisukuma, na harufu ya udongo ikazidi mpaka akaionja ulimini.

"Rudisha! Rudisha mkono!"

Kiganja kikatua. Kimya. Nyuma ya pazia kitu kikaanguka puu.

"Naibeba hivi hivi, mkono juu yake, naenda nayo kumrudisha kitandani," mshonaji akasema. Machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta. "Nilijaribu kuiacha kwa jirani, akaifuata hadi barabarani, magari yanampigia honi. Kila akisimama, anarudi amepungua. Akisimama tena mara mbili tatu nitamzika, kaka. Na usingizi leo utanishinda, najijua."

Fundi akaokota plagi, akaifungua kwa bisibisi. Waya wa kijani ulikuwa umekatwa, ukakunjwa, ukazungushiwa utepe mwekundu. Mtaa mzima ni fundi mmoja tu anayetumia utepe mwekundu. Akakumbuka: mwaka jana waya huu ulilegea, amplifaya ikavuma kidogo tu, naye alikuwa na haraka zake; badala ya kuukaza, akakata. "Huu waya hauna kazi," alimwambia mwanamke huyu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. Mdomo ulikuwa wa mwalimu. Sauti haikuwa yake.

"Nilikuwa napita tu. Nani amenifungia njia?"

"Mjibu," mshonaji akanong'ona. "Mimi ananiuliza siku sita, sina jibu."

Aibu ilimchoma fundi kuliko hofu. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyekata."

"Basi fungua."

Akachomoa kipande cha nondo mkobani, akatoka mbio. Akakipigilia nyuma ya bafu penye majimaji, akamwagia chumvi ya jikoni na ndoo ya maji ili udongo upitishe vizuri, kama bwana wake wa ufundi alivyomfundisha na yeye akapuuza miaka yote. Akafunga waya kwenye nondo, akaupitisha dirishani, akaanza kukwangua rangi kwenye skrubu ya amplifaya.

Hapo ndipo kichwa cha mshonaji kilipoanguka kifuani, na mkono wake ukateleza.

Mvumo ukajaa chumba, vioo vya kabati vikatetemeka, nyayo zikaja na safari hii hazikukokotwa, pazia likafunguka nyuma ya mgongo wake naye hakuthubutu kugeuka, skrubu inamtoroka vidoleni, jasho linamwingia machoni, na pumzi baridi yenye harufu ya kaburi jipya ikamfika shingoni wakati waya ulipogusa chuma.

Nje udongo ukatokota kama uji. Kisha ukatulia.

"Wewe Plaizi," sauti ya mzee ikasema kutoka sakafuni nyuma yake, "miguu inaniuma."

Fundi akalia kama mtoto. Akambeba mwalimu hadi kitandani, akampa maji. Mshonaji alikuwa anakoroma kitini, mkono wake umelala mapajani.

Njiani alipita kwa kinyozi, akapita duka la dawa, akapita nyumba ya pembeni yenye geti la bluu. Kote huko aliwahi kukata waya wa kijani. Akajaribu kuhesabu tepe nyekundu za miaka yote hiyo, akaacha. Kesho ataanza kuzunguka, nyumba kwa nyumba. Leo alitaka kulala tu.

Kwake palikuwa kimya. Akashukuru; mtoto kalala. Mkewe alikuwa amekaa sakafuni, kiganja amekibandika kwenye friji, ile friji ya mtumba ambayo fundi aliitengeneza kwa mkono wake mwenyewe.

"Baba watoto, funga mlango taratibu," mkewe akanong'ona.

"Kuna nini?"

"Sijui. Nikitoa mkono, mtoto anasimama."

Fundi akaweka mkoba chini. "Mke wangu," akasema, "chumvi ipo?"