Glasi za Galina

Rafiki yangu Laurenti alikwenda kuuza glasi za marehemu mkewe, Galina, katikati ya Johannesburg. Mji mdogo alikozaliwa Galina, kule Urusi, ulitegemea kiwanda cha vioo. Kilipoishiwa fedha, mama yake alilipwa mshahara kwa glasi hizo. Kwa aibu ya kuziuza, Laurenti alimwambia binti yao kwamba zimevunjika.

Umeme ulikatika akiwa kwenye ngazi za duka. Gizani akasikia, ndani ya boksi la glasi alilobeba, ukucha ukigonga glasi moja baada ya nyingine, kama Galina alivyozoea kutafuta nyufa, desturi ya wanawake wa kiwandani.

Clémentine, mwenye duka, alifungua boksi akimulika kwa tochi. Glasi zote zilikuwa na ukungu.

“Eish, Papa Laurenti! Umeziosha saa hii?”

“Sikuziosha, mama.”

Laurenti alifuta ukungu kwenye glasi moja. Ukarudi, ukafifia, ukarudi tena, taratibu, kama pumzi.